Grili Iliyoitwa Ikakosa Kusikia

Wasee, leo ni grili za gesi. Najua mlikuwa mnangoja sehemu ya pili ya ile stori ya matatu za miaka ya tisini. Itakuja, tulieni. Hii imenikaa kooni tangu Desemba.

Iko hivi. Kazo yangu anaishi Rongai. Mwisho wa mwaka jana alipata doo kidogo akanunua grili ya gesi iliyotumika, ile kubwa ya magurudumu, yenye kifuniko cha kipimajoto na kabati chini ya kuficha mtungi. Aliyemuuzia alisema imetoka majuu, na kweli ilikuwa na sura ya majuu. Mpango ulikuwa kuchomea watu nyama wikendi: ruracio, besidei za watoto wa mabosi, bash za ofisi. Mara ya kwanza ilienda fiti. Mara ya pili pia.

Mara ya tatu tulikuwa kwao nyumbani. Nyama iko juu, mafuta yanadondoka, watu wanapiga stori. Auntie, mamake, alikuwa jikoni dirisha likiwa wazi. Akauliza kwa sauti, "Nani amefungulia gesi huko?" Hakuna aliyemjibu, maana gesi si imefunguliwa, nyama inachomwa na nini? Akatoka kuuliza tena, taulo ya vyombo mkononi, bado mbichi. Alikuwa mlangoni moto uliporuka kutoka kwenye kabati la chini ukamlamba kazo mkono wa kulia, vidoleni hadi kiwiko. Sisi wengine tulirudi nyuma. Auntie alikwenda mbele. Alijizungushia ile taulo mkononi, akaingiza mkono kabatini, akafunga regyuleta.

Wiki tatu za kubadilishwa bandeji. Mkono umepona, ila ngozi sasa ina rangi mbili.

Kazo akiwa amelala nyumbani nilienda kuitazama ile grili. Nyuma ya mlango wa kabati kulikuwa na lebo: jina la kampuni (nitaliacha), nambari ya modeli, nambari ya siriali, nchi ilikotengenezwa. Niliandika ile nambari ya modeli kwenye simu tu hivi, bila matarajio. Ikatokea. Modeli hiyo ilikuwa imetangazwa Marekani, miaka kadhaa iliyopita, kwamba ni hatari: paipu ya gesi inaweza kugusa sehemu ya chini ya sanduku la moto, ikalainika na kutoboka. Tangazo lilikuwa na heshima zake. Acha kutumia mara moja, piga simu, tutakutumia bure kinga ya chuma ya kuizuia paipu isiguse joto.

Tangazo lilitoka kabla hii grili haijapanda meli kuja Mombasa. Nimekaa na hilo tangu siku hiyo. Hatari iliyojulikana, ikaandikwa hadharani, ikapewa dawa ya bure, na bado ikauzwa Rongai kwa bei ya kuombana.

Kule majuu wana neno la kitu hiki na sisi hatuna neno moja la haraka, kwa hivyo nitaliita wito. Mtengenezaji anaita bidhaa yake irudi: tuitengeneze, au tukupe nyingine, au tukurudishie pesa. Nimesoma historia ya huu wito karibu mwezi mzima, na nimeona kwamba kuna njia mbili za kumlinda mtu na gesi. Moja ni kumtafuta umwambie. Ya pili ni kuweka ulinzi mahali ambapo atapita tu, apende asipende. Ya kwanza ndiyo inayopewa jina na sheria. Ya pili ndiyo inayofanya kazi.

Grili zilianza kwa makaa. Mwaka 1952 George Stephen alikuwa anafanya kazi Weber Brothers Metal Works, kiwanda cha chuma cha Chicago kilichokuwa, pamoja na mambo mengine, kikitengeneza maboya ya kuelea kwenye Ziwa Michigan. Alikuwa amechoka na majiko ya wazi, upepo unakurushia majivu, mvua ikija nyama inaoga. Akachukua boya akalikata katikati. Nusu ya chini akaipa miguu, nusu ya juu ikawa kifuniko. Ndiyo ile grili ya duara mnayoiona kwenye kila filamu ya Marekani yenye baba wa aproni. Miongo iliyofuata gesi ikaingia, na nyuma ya mamilioni ya nyumba kukawa na mtungi wa ratili 20 za propani, kama kilo 9.

Hapo hesabu ikabadilika. Makaa ukikosea yanakuchoma papo hapo. Gesi ukikosea inakungoja. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, kwa hivyo ikivuja haipandi juu ikapotea. Inashuka, inatambaa, inajaza kabati, shimo, chini ya meza, hadi ikutane na cheche. Na lita moja ya propani ya maji ikigeuka hewa inakuwa karibu lita 270. Hiyo namba niliisoma mara mbili.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kabla ya grili zote, kwa sababu kuna kitu nilitaka kujua kuhusu Auntie. Yeye aligunduaje? Alinusa. Sawa, lakini propani safi haina harufu. Hata ile gesi ya kutoka ardhini haina. Harufu unayoiita harufu ya gesi imewekwa na mtu.

Machi 18, 1937, New London, mashariki ya Texas. Eneo la mafuta, shule ya kisasa, pesa zipo. Lakini mapema mwaka huo shule iliacha kununua gesi kwa kampuni ikajiunganisha na bomba lililobeba gesi ya masalio ya visima vya mafuta. Wengi eneo hilo walikuwa wakifanya hivyo, ilikuwa ya bure. Gesi ikavuja ikajaa chini ya jengo. Haikuwa na harufu, hakuna aliyejua. Alasiri, muda mfupi kabla ya watoto kuachiliwa kwenda nyumbani, mwalimu wa ufundi aliwasha mashine ya umeme ya kusugua mbao. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Bado ni mkasa mbaya zaidi wa shule katika historia ya Marekani.

Katika muda mfupi Texas ikapitisha sheria kwamba gesi itiwe harufu, na desturi ikaenea. Wanatia kemikali za jamii ya salfa ambazo pua ya binadamu inazishika hata zikiwa kidogo mno, zinanuka kama yai bovu au kabichi iliyooza. Gesi ya mtungi wako wa Rongai, Kisauni au Kondele ina harufu hiyo. Auntie hajawahi kusikia habari za New London. Hakuna aliyemwandikia barua. Ulinzi wenyewe ulikuwa ndani ya gesi, ukamfuata hadi jikoni kwake.

Hiyo ndiyo njia ya pili niliyosema. Sasa angalia jinsi njia ya kwanza ilivyozaliwa, na shida zake.

Kwa muda mrefu ukinunua kitu kikakulipukia hiyo ilikuwa shida yako na wakili wako. Mwaka 1965 Ralph Nader alitoa kitabu, Unsafe at Any Speed, akisema magari ya Marekani yanaua kwa jinsi yalivyoundwa, si kwa ubaya wa madereva tu. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya usalama wa magari. Kisha wabunge wakajiuliza: na vitu vya nyumbani je? Tume iliyoundwa 1967 ilitoa ripoti mwaka 1970 ikikadiria kwamba kila mwaka Wamarekani milioni 20 wanaumia nyumbani kwa ajali zinazohusu bidhaa, 110,000 wanabaki na ulemavu wa kudumu na 30,000 wanakufa. Oktoba 1972 Rais Nixon akatia saini sheria iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji, CPSC, nayo ikaanza kazi Mei 1973. Kampuni ikipata habari kwamba bidhaa yake ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa, inatakiwa iiambie tume ndani ya saa 24.

Kwenye karatasi hiyo ni sheria tamu. Lakini wito unahitaji kitu kimoja ambacho sheria haikuwa nacho: anwani ya mwenye kitu. Gari lina namba, lina logbuku, serikali inajua ni la nani. Grili haina. Ukinunua grili dukani kwa pesa taslimu, muuzaji hakujui. Ndani ya boksi kuna kikadi cha kujaza jina lako na kukituma kwa kampuni. Sema ukweli, umewahi kujaza? Mimi nimetupa vyote. Watu waliogopa ni janja ya kutumiwa matangazo, na mara nyingi walikuwa sahihi. Halafu kitu kinauzwa, kinapewa shemeji, kinaachwa kwa nyumba mpangaji akihama. Barua inamfuata mnunuzi wa kwanza, kama inamfuata mtu.

Kesi iliyowaumiza Wamarekani hadi wakabadilisha sheria haikuwa ya grili. Ilikuwa ya kitanda cha mtoto cha kukunja. Mei 1998, Danny Keysar, mtoto ambaye hakuwa amefikisha hata miaka miwili, alilazwa kwenye kitanda hicho kwa mlezi aliyekuwa na leseni, mjini Chicago. Vyuma vya juu vikakunjika vikamkaba shingo. Kitanda hicho kilikuwa kimeitwa 1993. Miaka mitano. Mlezi hakujua, wazazi hawakujua. Wazazi wake wakaanzisha shirika la kutetea watoto, na sheria ya 2008 iliyopanua nguvu za CPSC ina sehemu yenye jina la Danny, inayolazimisha kampuni za vitu vya watoto wachanga kuweka kadi ya usajili na kutunza majina. Sheria hiyo hiyo ya 2008 ilifanya kuuza bidhaa iliyoitwa kuwa kosa. Grili hazikuguswa na ile ya kadi, lakini hiyo ya kuuza inazihusu. Marekani ile grili ya kazo ilikuwa haramu kuiuza. Sheria hiyo haifiki Rongai, bas.

Sasa fika kwenye sehemu ninayoipenda, maana ni ya vyuma.

Kwa miaka mingi mtungi wa grili Marekani ulifungwa kwa nati ya shaba yenye thredi za kinyume. Kila kitu duniani unakaza kwenda kulia, hii unakaza kwenda kushoto, na spana lazima. Ukiikaza vibaya inavuja na bado gesi inatoka kama kawaida. Paipu ikikatika, gesi inamwagika yote. Moto ukifika kwenye nati, hakuna kinachozuia.

Grili zilizotengenezwa baada ya Oktoba 1, 1995 zilitakiwa kuja na muunganisho mpya, ile nati kubwa ya plastiki unayokaza kwa mkono tu, bila spana, na kwenda kulia kama watu wengine. Inaonekana kama kitu cha kurahisisha maisha, kumbe ina mambo matatu. Isipokazwa sawasawa, mtungi hautoi gesi. Paipu ikikatika na gesi ikaanza kukimbia, kuna kidude ndani kinachobana mkondo hadi unabaki mdogo sana. Na moto ukiikaribia, joto linaifanya iachie na vali ya mtungi inajifunga. Mwenye grili hahitaji kujua hata moja kati ya hayo. Mimi sikuwa najua.

Bado kulikuwa na shida ya kujaza. Mtungi wa propani haujazwi hadi juu. Unajazwa asilimia 80 na nafasi inayobaki ni ya pumzi, kwa sababu propani ya maji ikipata joto inavimba. Mhudumu akizidisha, wewe ukauweka kwenye buti ya gari juani, maji yanavimba, nafasi inaisha, vali ya dharura inafunguka na kutema gesi ndani ya gari. Injini inanguruma, au mtu anawasha sigara. Onyo lilikuwa kwenye lebo ya kila mtungi. Nani husoma lebo ya mtungi?

Wakabuni boya. Ndiyo, boya tena, ila hili ni dogo, liko ndani ya mtungi kwenye vali. Maji yakipanda kufika asilimia 80 linainuka na kuziba njia, mhudumu hata akasirike vipi hawezi kuongeza. Kuanzia mwisho wa Septemba 1998 mitungi mipya ya kiasi cha grili ilitakiwa kuwa nalo, na unaitambua kwa kishikio cha vali chenye pembe tatu badala ya duara. Lakini ile mamilioni ya zamani iliyo nyuma ya nyumba je? Hapa ndipo walipofanya la maana. Hawakumtafuta mtu. Walisema: kuanzia Aprili 1, 2002, mtungi usio na boya haujazwi. Hiyo tu. Bakia nao nyumbani ukipenda, uone kama utachoma nyama na hewa.

Watu walinung'unika sana. Wengine walikuwa na mitungi mizuri isiyo na hata kutu. Kampuni za kubadilishana mitungi, kama Blue Rhino iliyoanza 1994 kule North Carolina, zilipata biashara kweli kweli, maana uliacha wa zamani pale nje ya duka ukachukua wenye pembe tatu ukaenda zako. Kuna watu walipata pesa hapo na sijakataa. Lakini fikiria: kila mwenye mtungi, hata yule aliyeununua mitumba, hata asiyejua kusoma, hata aliyetupa kadi, lazima siku moja gesi imwishie. Na ikimwisha anakuja mwenyewe mlangoni. Huo ni wito ambao kitu chenyewe kinajileta.

Kwa hivyo narudi kwa grili ya kazo, tulipoita fundi aikague. Fundi alianza na buibui. Nilicheka, akanitazama vibaya. Kumbe ni kweli: kuna buibui wanaopenda kusuka ndani ya vile vibomba vinavyopeleka gesi kwenye bana. Ukiiacha grili miezi bila kuwashwa, utando unaziba, gesi inakosa njia inarudi nyuma inawakia kwenye vile vitufe vya kuzungusha. Na si grili tu. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliita maelfu ya magari ya Mazda6 huko Marekani kwa sababu buibui walikuwa wanasuka ndani ya paipu ya kupumulia ya tangi la mafuta. Waliweka springi ya kumzuia buibui asiingie. Hii historia ina vituko.

Alipata utando kwenye kibomba kimoja kati ya vinne, akataka kufunga kazi hapo. Tukamwonyesha lile tangazo kwenye simu. Akalala chali chini ya grili na tochi. Paipu ilikuwa imegusa sanduku la moto, mahali pale pale tangazo lilipochora mshale, na ilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya mchele.

Lakini kitu kilichonimaliza kilikuwa upande wa pili wa paipu. Ile nati kubwa ya plastiki, ya 1995, yenye mambo matatu, haikuwepo. Haiingii kwenye mitungi yetu. Kwa hivyo mtu fulani kati ya bandari na Rongai aliikata kwa kisu, akaunganisha paipu ya mita ya madukani, akakaza kwa klipu, akachomeka regyuleta ya huku. Kazi safi, ukiangalia. Haikuwa ikivuja kwenye kiungo. Ila paipu ilipotoboka, kile kidude cha kubana mkondo kilikuwa kwenye pipa la takataka mahali fulani, na moto ulipofika kabatini hakukuwa na nati ya kuachia.

Barua haikufika, nati ilikatwa. Kilichobaki ni harufu ya Texas na pua ya Auntie.

Sasa ya kwetu. Mtasema hapa hakuna grili nyingi za gesi, tuna jiko la makaa na fundi wa choma. Zinaongezeka, angalieni rooftop za Kilimani na kambi za Naivasha. Na hata kama huna, una mtungi. Kabla ya 2009 kila kampuni Kenya ilikuwa na vali yake na regyuleta yake, ukinunua mtungi wa kampuni moja umeolewa. Kanuni za 2009 zikaleta vali ya pamoja na kapu la kubadilishana, ukawa unaweza kupeleka mtungi wa huyu ukachukua wa yule. Wateja tulifurahi. Lakini mtungi ukawa yatima: kampuni ilikuwa inagharimia mitungi isiyoiona tena, na wajazaji wa uchochoroni wakaijaza usiku bila kupima wala kukagua. Kanuni za 2019 zikavunja lile kapu. Sasa kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini yake ni kosa.

Nilikuwa mmoja wa waliolalamika kwamba hiyo ni kutubana turudi kwa duka moja. Siku hizi nafikiri tofauti. Pale pa kujazia ndipo mlango wetu pekee, kama ule wa Marekani wa 2002. Mtungi wenye kutu, wenye vali inayovuja, hautaandikiwa barua na mtu. Unaweza kukamatwa pale tu. Kila anayejaza kwa njia ya panya anaondoa mlango huo, na bei yake tuliiona Embakasi, Mradi, usiku wa Februari 1, 2024. Lori la gesi lililipuka kwenye kituo kilichokuwa katikati ya nyumba za watu. Watu walikufa, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na mamlaka ya nishati, EPRA, ikasema kituo hicho kilikuwa kimeomba kibali mara tatu mwaka 2023 na kukataliwa mara zote tatu. Kukataliwa kwenye karatasi, lakini lori linaingia. Kifungu cha 46 cha Katiba kinasema mtumiaji ana haki ya bidhaa na huduma zinazolinda afya na usalama wake. Kizuri kukijua. Moto haukisomi.

Kama una grili ya gesi, au unapanga kununua, fanya hivi leo kabla ya wikendi. Tafuta lebo, mara nyingi iko nyuma ya mlango wa kabati, mgongoni au chini ya kifuniko cha pembeni. Kama lebo imebanduliwa, usinunue, mtu hajaibandua kwa urembo. Piga picha nambari ya modeli na ya siriali. Zitafute kwenye tovuti ya CPSC, cpsc.gov, na kwenye ile ya OECD inayokusanya wito za nchi nyingi, globalrecalls.oecd.org. Soma tangazo lote, maana mara nyingine ni siriali za miezi fulani tu. Ukiikuta yako, acha kuitumia siku hiyo hiyo, chomoa mtungi, iandikie kampuni hata kama tangazo linasema ni ya Marekani pekee. Kazo aliandikiwa jibu kwamba kinga ya chuma haitumwi nje. Sawa, lakini tulijua.

Usiiuze. Najua inauma, ni pesa zako. Kumbuka tu kwamba hivyo ndivyo ilivyofika kwako.

Hata isiyoitwa, ipake paipu na viungo maji ya sabuni ya vyombo mtungi ukiwa wazi na bana zikiwa zimefungwa. Povu likichemka, inavuja. Fungua kifuniko kabla ya kuwasha, kila mara, usiwashe kikiwa kimefungwa gesi ikajikusanya ndani. Ikikataa kuwaka, funga gesi usubiri dakika tano, usiendelee kubonyeza kama lifti. Mtungi usimame wima, na nje iwe nje kweli, balkoni iliyofunikwa na kioo pande tatu ni chumba. Kwa mtungi wa huku, uzito wake ukiwa mtupu umegongwa kwenye chuma, upimwe mbele yako, wenye gesi kidogo wanakuibia na wenye gesi nyingi wanaweza kukuua. Regyuleta na paipu zenye alama ya KEBS, tuma SM# na nambari ya kibali kwa 20023 ujue kama ni ya kweli. Na kama ulikata nati ya plastiki ya grili ya majuu, tafuta fundi mwenye leseni aweke vali ya kubana mkondo. Paipu na klipu peke yake haitoshi.

Kazo alitaka kuiuza. Alikuwa ameipatia mteja wa Kitengela, na mteja alikuwa tayari kuja na pesa Jumamosi. Tulibishana siku mbili. Auntie hakusema kitu hadi Ijumaa jioni, alipotoka na nyundo ya kuvunjia makaa akampa kazo kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Alivunja bana zote nne, mimi nikakata paipu vipande vipande.

Mtu wa skrapu alikuja na mizani yake Jumamosi. Akapima, akalipa kwa kilo, akauliza kama regyuleta pia tunauza, maana hiyo inaonekana bado ni nzima. Kazo aliiangalia kidogo, akaitia mfukoni.

"Hiyo imekaa kwenye moto," akamwambia. "Leta hizo za chuma tu."